Kitambulisho Changu na Karatasi ya Mama Yako

Mwanaidi mwanangu,

Ya nauli, ya shuka, ya kutoazimisha viatu na ya kutokula chipsi asubuhi na jioni mama yako ameshayasema, na mengine ameyarudia mpaka ukacheka. Sina la kuongeza hapo. Kesho basi la Dodoma likiondoka nitasimama nikipunga mkono kama baba wengine, na ninavyojijua, nitasema "soma sana" halafu maneno yataniishia. Miaka yote hii nimeongea redioni, lakini mbele ya mtoto anayeondoka sijui kama sauti itatoka. Ndiyo maana naandika.

Nataka turudi kwenye chakula cha Ijumaa.

Tulikuwa mkekani, ugali na mlenda, na wewe unatusimulia mjadala mlioufanya na wenzako mnaokwenda kusomea sheria. Ulikuwa umechangamka kweli. Mada ilikuwa watu wanaopata nyaraka za siri, za serikali au za makampuni, wakazimwaga mtandaoni: je, wastahili kinga ileile anayopewa mwandishi wa habari? Ulisimama upande wa hapana, na mkashinda. Ukatutolea hoja zako huku unahesabu kwa vidole vyenye ugali. "Mwandishi ana mafunzo, ana mhariri, ana maadili ya kazi. Anayetupa karatasi mtandaoni hana hata kimoja. Ukimpa kila mwenye simu kinga ya mwandishi, umeiua kinga yenyewe."

Mama yako akauliza, "Hata kama karatasi ni ya kweli?"

"Hata kama ni ya kweli, mama."

Akanyanyuka, akaenda kuosha sufuria aliyokuwa ameshaiosha. Ukaniangalia. Nikakwambia amechoka, siku nzima ameshona sare za shule. Hakuwa amechoka. Na wewe hukuwa na kosa, maana hukujua unamzungumzia nani. Unajua tu kwamba mwaka ule ukiwa kidato cha pili, bweni Korogwe, mama yako aliwahi kupelekwa polisi kwa "mambo ya kikundi". Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mwalimu wako, na ndiyo tuliyokuachia. Tulidhani tunakulinda. Sasa unakwenda kuwa mwanasheria, na siwezi kukuacha uende huko ukiwa umemhukumu mama yako bila kujua.

Mwaka ule vuli ilichelewa. Unaijua Handeni inavyokuwa mvua ikichelewa: vumbi mpaka ndani ya kabati, watu sokoni wanaongea kidogo na kutazama mawingu sana. Mbegu za mahindi za bei nafuu zilikuwa zimeshafika, ziko ghalani, vijiji vimeanza kupewa. Mimi nilitangaza mwenyewe redioni kwamba wakulima wajitokeze kuchukua. Nilisoma tangazo hilo kwa sauti yangu nzuri, ile ambayo mama yako husema naitumia tu nikiwa na kipaza sauti.

Siku moja mchana akaja nyumbani Bwana Mhina. Humkumbuki. Alikuwa mtunza ghala, mtu wa Kwashemshi, mpole, anayevaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto. Alikuja na barua ameikunja ndani ya gazeti. Ilikuwa nakala ya barua iliyoandikiwa ghala lao, ikisema mbegu zile zimepimwa na nyingi hazikuota, zisigawiwe mpaka zibadilishwe. Lakini walikuwa wanaendelea kugawa. Alipomuuliza mkubwa wake aliambiwa afunge mdomo, mbegu nyingine ziko njiani.

"Nimekuletea wewe," aliniambia, "kwa sababu wewe ni mwandishi. Una kitambulisho. Utajua la kufanya."

Mama yako alileta chai, akaisoma barua akiwa amesimama, kabla mimi sijamaliza. Swali lake lilikuwa moja tu. "Sasa watu watajua lini?"

Nikamwambia ngoja. Na ninakuomba, mwanangu, usinihukumu haraka kwa neno hilo, maana mpaka leo naamini lilikuwa neno sahihi kwa kuanzia. Barua inaweza kughushiwa. Mtu anaweza kuwa na ugomvi na bosi wake. Ukisoma redioni kwamba mbegu ni mbovu na kumbe si mbovu, watu watazitupa, na msimu mzima umeuua wewe kwa mdomo wako. Nilipiga simu ofisi iliyohusika. Wakasema nije kesho. Kesho yake wakasema mkubwa yuko safarini. Wakasema niandike maswali. Nikaandika maswali, nikayapeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani najiona nimefanya kazi. Mhariri wangu naye akasema bila upande wa pili hatutoi kitu. Ni kanuni nzuri. Ukifika kwenye kazi yako utakutana nayo, mnaiita kumsikiliza kila mtu.

Ila mvua haikuwa imesikia habari za upande wa pili.

Ilianza usiku, ikanyesha hadi asubuhi, mvua ya kuingia ardhini kabisa. Hapa kwetu mvua kama ile mtu hangoji kujadiliana nayo, unabeba jembe. Na sasa lazima nikueleze kitu ambacho nilikuwa nakicheka. Mama yako alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wakulima, na alikuwa ameanzisha kundi lao la kwenye simu. Wewe ulilijua kama lile kundi linalopiga kelele simu ikiwekwa chaji. Kila asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani, alikuwa anawatumia ujumbe wa sauti, nusu Kiswahili nusu Kizigua: gunia la mahindi leo linanunuliwaje sokoni, barabara ipi imekatika, daktari wa mifugo atakuwa wapi. Mtu akituma uvumi, alikuwa anamuuliza mbele ya wote, "Umeona mwenyewe au umesimuliwa?" Wengine walikasirika wakatoka. Mimi nilikuwa namwita mtangazaji wa barazani. Nilikuwa naona kazi yangu ni habari, na yake ni maongezi ya wanawake.

Asubuhi ile ya mvua simu yake ilijaa. Wanawake wanatuma salamu za furaha. Tumeshaanza kupanda. Tunapanda. Mungu ametukumbuka. Akanijia nikiwa navaa viatu.

"Baba Mwanaidi, wanazipanda."

"Najua."

"Wamekujibu?"

"Bado. Leo huenda."

"Wasipojibu leo?"

"Nitauliza tena kesho."

Hakupaza sauti. Ningependa kukwambia aligombana nami, maana ingenipunguzia uzito. Alisema tu, "Sawa," kama anavyokubali bei ya kitambaa ambacho hatakinunua, akaenda kwenye meza yake ya kukatia. Alikuwa ameitoa ile barua chini ya godoro nilikoificha; akaitandaza pale, akaipiga picha. Halafu akarekodi sauti. Bado ninayo, nitakupa uisikilize siku ukiitaka. Anasema: "Jamani, mimi ni Zaina, fundi cherehani, mnanijua. Barua hii nimeisoma. Ofisi imeulizwa, haijajibu. Sijui kila kitu, nami sisemi nani ana makosa. Nasema hivi: msipande zote. Chukueni punje kidogo, mzifunge kwenye kitambaa kibichi, mngoje mwone. Zikiota, nipigieni mnitukane."

Kufika adhuhuri barua ilikuwa imevuka vijiji na vijiji. Ilikuwa kwenye simu za watu ambao hata hawalimi. Na alasiri ile mhariri akanipigia: sasa tunaweza kutoa, maana hatutoi sisi, tunaripoti kwamba kuna barua inasambaa. Nikaingia studio nikasoma. "Barua inayosambaa mitandaoni inadai kwamba..." Yaani karatasi ileile iliyokuwa chini ya godoro langu, Mwanaidi. Niliisoma kama kitu nilichookota njiani. Mke wa mtangazaji alikuwa ameibeba, na mtangazaji akapita nyuma yake.

Kesho yake tuliitwa kituo cha polisi wote wawili, tukaenda pamoja kwa bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma, kanga yake inapepea usoni kwangu. Alinitania njiani kwamba tunakwenda kama wachumba.

Mezani askari akaniuliza mimi kwanza. Nikatoa kitambulisho cha uandishi. Akakigeuza, akasoma nyuma na mbele, akasema, "Mzee, kaa pale." Akamgeukia mama yako.

"Kazi yako?"

"Fundi cherehani."

"Fundi cherehani na barua za ofisi, wapi na wapi?"

"Na mbegu mbovu na shamba langu, wapi na wapi?"

Askari mwingine akacheka, halafu akaona aibu akanyamaza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuona tunapoelekea.

Kabla ya jioni mhariri alikuwa ameshapiga simu za kutosha. Waandishi wenzangu wa Handeni na Korogwe walikuja na kamera, wakasimama nje ya geti. Tamko likatolewa, lenye maneno mazuri, la kulaani kukamatwa kwa mwandishi akiwa kazini. Nikaachiwa. Mama yako akabaki. Kosa lake liliandikwa kwamba ametoa waraka bila kibali na kuzua taharuki.

Nikawaendea wenzangu palepale getini. Nikawaambia tamko halijamtaja. Kiongozi wetu, mtu ninayemheshimu hadi leo, akanishika bega. "Tunakuonea huruma, kaka. Lakini shemeji si mwandishi. Tukimtetea yeye, kesho tutatakiwa kumtetea kila mwenye simu."

Unaona? Ni hoja yako ya Ijumaa, karibu neno kwa neno. Na haikusemwa na mtu mbaya.

Nikamjibu, "Lakini ni mke wangu."

Hilo jibu nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusema redioni. Maana lilikuwa jibu la kuomba fadhila. Walinionea huruma kweli, mmoja akanichangia nauli. Nilichotakiwa kusema ni kwamba yule mwanamke amefanya kazi ambayo sisi tunasema ndiyo kazi yetu. Amepata waraka wa kweli unaowahusu watu, amewapa watu wenyewe, amesema anachokijua na asichokijua, na ametia jina lake. Nikashindwa kuliona hilo kwa sababu nilikuwa sijawahi kuliona, hata siku moja, alipokuwa akilifanya mbele yangu kila asubuhi.

Alilala mahabusu siku mbili tatu, wakatafuta sababu ya kumnyima dhamana, wakaikosa. Aliniambia jambo moja tu la mle ndani. Askari wa kike aliyekuwa zamu alimpelekea maji, akachungulia nyuma, kisha akamuuliza kwa Kizigua taratibu: "Mama, mama yangu kule kijijini ameshapanda. Afanyeje?" Mama yako akamwambia, "Apande nyingine, asingoje hizo." Yule binti akashukuru, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kesi ikaendelea kwa kuahirishwa. Wateja wa cherehani wakapungua, si kwa chuki, kwa woga tu. Mtu anakuja kuchukua gauni lake akiwa amevaa miwani ya jua. Mwisho ofisi yenyewe ikarudisha mbegu zilizobaki na kuleta nyingine, kimyakimya, na baada ya hapo hakukuwa na hamu tena ya kumshitaki mtu aliyesema kweli. Shauri likaondolewa. Waliosikia mapema walipanda upya, wakavuna kidogo. Wasiokuwa na simu, na wale ambao walinisubiri mimi nithibitishe redioni kwa sababu ndiyo sauti waliyoizoea, mashamba yao yalikaa mekundu, udongo mtupu, mpaka vuli ikaisha. Nilipita huko. Kuna mama mmoja alinisalimia vizuri sana, akanikaribisha uji, akaniambia, "Tulikuwa tunasikiliza kila siku." Hakujua amenipiga.

Sasa hapa ningeweza kumaliza, na mama yako angebaki shujaa, na wewe ungejiona umekosea mdahalo wako. Lakini sitaki uende na nusu nyingine tena.

Kwenye ile barua, juu pembeni, Bwana Mhina alikuwa ameandika kwa kalamu tarehe aliyoipokea na kutia sahihi yake ndogo, kama anavyofanya kwa kila karatasi inayoingia ghalani. Hakuna nakala nyingine iliyokuwa na sahihi ile. Mama yako aliipiga picha kama ilivyo. Hakuwa na hila, hakuiona hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye mbegu. Lakini waliomtafuta aliyeitoa hawakuhitaji kumuuliza mtu yeyote. Asubuhi ya pili Bwana Mhina alifukuzwa kazi.

Mtu wa redio aliyezoea angeiona. Ningeikata ile pembe hata kabla ya kumaliza kusoma, kwa mazoea tu. Hilo ndilo lile jambo unaloliita mafunzo, na uko sahihi, lina maana, lingemwokoa mtu. Mama yako alipopata habari alikuwa ametoka mahabusu jana yake. Alikaa kwenye cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano, hakukanyaga. Akasema, "Ningekata tu hapa." Akarudia. Nami nikawa nafikiria kwamba kukata pale ilikuwa kazi yangu, na kwamba sikuwepo mezani kwa sababu nilikuwa nangoja kujibiwa.

Tulimfuata Kwashemshi, wakati wewe uko shule. Tulipanda kule juu kwa gari la mizigo, mama yako na kilo kadhaa za sukari mapajani. Bwana Mhina tulimkuta shambani kwake anapalilia maharage, bado kwenye shati la mikono mirefu. Alitukaribisha, akatuletea ndizi za kuchemsha. Mkewe alijibu salamu kutoka ndani, lakini hakutoka, na sisi hatukuuliza.

Mama yako akamwomba msamaha. Alisema kwa maneno machache, bila kulia, na bila kueleza kwa nini.

Bwana Mhina akasikiliza, akasema, "Mama Mwanaidi, ile karatasi niliileta kwa miguu yangu mwenyewe. Nilijua inaweza kunirudia. Wewe uliwaambia watu, na watu walipona. Mimi nawe hatuna neno." Kisha akanigeukia. "Ila wewe, Baba Mwanaidi. Niliileta kwako."

Nikala ndizi.

Kwa hiyo unaponiuliza, au usiponiuliza, kama mama yako alistahili kinga niliyopewa mimi, nakujibu kama mtu aliyekaa pande zote mbili za lile geti. Siku ile waliponiachia walilinda nini? Walilinda kadi. Kadi haikujua kwamba nilikuwa nimeikalia barua. Haikujua kwamba nimefungua mdomo baada ya mwingine kutangulia. Na kadi ile hutolewa na ofisi, na ofisi inaweza kuichukua siku ikitaka. Wenzangu wameshanyang'anywa, na siku ya pili yake wakawa hawana tofauti na fundi cherehani. Kinga inayotokana na ruhusa ya yule unayemwandika, mwanangu, ni kinga ya namna gani? Hilo kalitafute kwenye vitabu vyenu, maana mimi nimelitafuta nimechoka.

Lakini sitakwambia kila anayemwaga karatasi ni mama yako. Unamkumbuka yule kijana aliyeweka mtandaoni majibu ya kliniki ya binti wa jirani, akasema ana haki ya kuhabarisha umma? Na karatasi yake ilikuwa ya kweli. Mama yako alimfuata mpaka dukani kwake na alirudi hana sauti. "Ya kweli kwa nani?" ndivyo alivyomuuliza. "Umma upi unaomhitaji yule mtoto?" Kwa hiyo yeye mwenyewe hakubali kwamba ukweli wa karatasi unatosha. Ijumaa hakukuuliza ili kukupinga. Nadhani alitaka kujua kama kwenye sheria yako kuna mahali pake.

Mimi naona pawepo. Naona wakimkamata mtu kwa karatasi, swali la kwanza lisiwe kazi yako nini. Liwe umefanya nini, kwa ajili ya nani, ulijaribu kuhakikisha, ulimfikiria atakayeumia. Akijibu vibaya, abebe mzigo wake. Mama yako angejibu vizuri maswali yote isipokuwa la mwisho. Mimi ningejibu vizuri mawili ya mwisho, na yale ya kwanza ningeinama. Lakini mimi sikuulizwa. Na jambo jingine: kinga si sifa. Waandishi tunakosea kila wiki na bado wakili anakuja. Hatusemi tumlinde huyu kwa kuwa hana dosari. Tunasema tumlinde kwa sababu tukiwaacha wakamwadhibu kwa kusema kweli, atakayekuja na karatasi kesho atapita mlangoni kwetu bila kubisha hodi. Dosari yake tutaisema nyumbani, kwenye ndizi za kuchemsha, mbele ya mtu aliyeumia.

Huenda nimekosea. Utanisahihisha ukirudi likizo, nami nitakusikiliza, hata ukihesabu kwa vidole. Napenda sana unavyobisha. Ulipokuwa mdogo ulibisha kuhusu mwezi, ukasema unatufuata sisi tu kutoka kwa bibi yako Lutindi mpaka nyumbani, na hakuna aliyeweza kukushinda. Nisingependa sheria ikufundishe kubisha kidogo. Ningependa tu, kabla hujasema "mtu fulani", ujiulize kama unaweza kumtaja jina.

Usimwombe mama yako msamaha kwa maneno makubwa. Ataona haya, atakwambia uache upuuzi. Kaa naye, mwambie akusimulie mwenyewe. Mimi nimekupa jinsi nilivyoona nikiwa nje ya geti. Ya ndani anayo yeye.

Nikuambie la mwisho, ambalo hulijui kwa sababu lilitokea wiki iliyopita ulipokwenda Lutindi kumuaga bibi yako.

Alikuja mwanamke hapa nyumbani, mgeni kabisa, kilemba chake kimefungwa kwa haraka, mfuko wa nailoni kifuani. Nilikuwa barazani. Akanisalimia, "Shikamoo mzee." Nikaitikia, nikasimama, nikamkaribisha kiti, nikajua ananitafuta mimi, maana ndivyo miaka yote wanavyokuja. Akabaki amesimama.

"Samahani mzee, sikukufuata wewe. Nimeambiwa kuna mama hapa."

Mama yako akatoka na futi ya fundi shingoni. Akamketisha, akampa maji, akapokea ule mfuko, lakini hakuufungua. Aliuweka mapajani akauzuia kwa mkono, akamtazama yule mwanamke.

"Kabla sijasoma, niambie. Hii ikionekana, ataumia nani?"

Yule mwanamke akaangalia chini. "Mimi."

"Basi tuanze na wewe," mama yako akasema, na bila kugeuka akaniita. "Baba Mwanaidi, sogeza kiti chako. Leo tunasoma wote."

Ninakupenda, mama yangu mdogo. Nenda ukawe wakili wa watu wenye majina.

Baba yako